SOMO LA MAARIFA YA NYUMBANI: KUOTESHA UKOKA KATIKA UWANJA MTUPU



Somo letu safari hii lahusu mahali tunapopakanyaga kila siku bila kupafikiria, yaani uwanja wa nyumba. Nawalenga hasa wenye nyumba vijijini katika Mkoa wa Dodoma, ambako mvua huja msimu mmoja tu kwa mwaka, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Disemba hadi Aprili, na miezi mingine yote ni jua, upepo na vumbi. Wasomaji wa sehemu nyingine watafaidika pia, ila wapime miezi kwa mvua za kwao.

Shabaha ya somo ni kwamba, akiisha kulisoma, msomaji aweze: kwanza, kueleza kwa nini uwanja mtupu ni hasara, pili, kuotesha ukoka kwa nguvu za mvua, si kwa ndoo, tatu, kuutunza ukoka huo hata kiangazi kipite.

1. Uwanja mtupu unatugharimu nini?

Desturi yetu ni kufagia uwanja kila alfajiri mpaka usibaki hata unyasi mmoja. Desturi hii ina heshima yake. Uwanja uliofagiliwa huonyesha kwamba nyumba ina wenyewe, nyoka huonekana mapema, na mtama na karanga hupata mahali pa kuanikwa. Sisemi tuache kufagia. Nasema tuangalie fagio linaondoka na nini.

Tone la mvua linapopiga udongo ulio wazi, huvunja vidonge vya udongo kuwa unga. Unga ule huziba vitundu vidogo ambamo maji yangepita kwenda chini. Basi maji, yakikosa njia ya chini, hutafuta njia ya pembeni, na yakienda huchukua udongo. Kiangazi, upepo humalizia kile ambacho maji yameacha, na vumbi lake huingia katika chakula, vitanda na macho ya watoto. Fagio nalo, kila asubuhi, hulegeza tabaka la juu ili lichukuliwe vizuri zaidi.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua uwanja wa mita 10 kwa mita 10, yaani mita za mraba 100. Mvua ya milimita 20, ambayo kwetu huweza kushuka kwa muda mfupi tu, huleta juu ya uwanja huo lita 2,000 za maji. Hizo ni ndoo 100 za lita 20. Mama wa nyumba angetembea mara ngapi kisimani kupata ndoo 100? Nazo zimemwagwa mlangoni pake bure, kisha zimeondoka.

Hesabu ya pili ni ya udongo. Uwanja huo ukipoteza milimita moja tu, yaani unene wa kucha, umepoteza lita 100 za udongo. Hizo ni ndoo 5 zilizojaa, uzito wa zaidi ya kilo 100. Udongo huo hauonekani ukiondoka, kwa sababu huondoka kidogo kidogo. Lakini tazama msingi wa nyumba ambayo imesimama miaka ishirini. Mawe yaliyokuwa chini ya ardhi sasa yako juu, na mizizi ya mwembe imebaki nje kama vidole vya mzee. Hapo watu husema nyumba imepanda. Nyumba haikupanda, ardhi ndiyo iliyoshuka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa neno lao ni kweli kabisa.

Somo hili tumelisoma katika mkoa wetu kwa ukubwa zaidi. Wakati mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulipoanza mwaka 1973, sehemu za Kondoa zilikuwa zimechimbwa na maji hata kuwa makorongo makubwa. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika. Jambo hilo lilikuwa chungu kwa wenye mifugo, lakini ardhi ilipopumzishwa, nyasi na vichaka vilirudi, vingi vyake bila kupandwa na mtu. Kutokana na hayo tujifunze kwamba kulinda ni nusu ya kupanda.

2. Je, hatukuambiwa tufyeke majani?

Najua wazee watauliza swali hili, na ni swali zuri. Wengi wanaikumbuka kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, tulipokusanyika katika vikundi kusikiliza na kujadili jinsi ya kuzuia magonjwa. Baada ya hapo watu walifyeka vichaka kuzunguka nyumba na kufukia madimbwi. Walifanya vema.

Lakini tutenganishe mambo mawili. Kichaka na majani marefu ni kitu kimoja, ukoka mfupi uliokatwa ni kitu kingine. Nyoka hupenda mahali pa kujificha na mahali penye panya, kama vile majani marefu, rundo la mawe, rundo la kuni na mashimo. Katika ukoka uliokatwa kwa urefu wa vidole vitatu, nyoka huonekana. Na mbu wa malaria huzaliana katika maji yaliyotuama. Uwanja uliosawazishwa na kupandwa ukoka hunywa maji, nao hauna madimbwi. Kwa hiyo anayepanda ukoka na kuukata hajapingana na mafundisho yale ya 1973, bali ameyaendeleza.

3. Majani gani?

Usinunue mbegu. Majani yanayotufaa tunayo bure, nayo ni ukoka. Utauona kandokando ya visima, malambo, viwanja vya shule na mitaro ya barabara. Uchunguze kwa makini kabla ya kuuchukua. Shina lake hutambaa juu ya ardhi na kutoa mizizi kila penye kifundo. Majani yake ni membamba na mafupi. Ua lake lina vidole vitatu hadi sita vinavyotoka mahali pamoja, kama mguu wa kuku.

Ukoka una sifa tatu zinazoufaa mkoa wetu. Hustahimili kukanyagwa, hustahimili jua kali, na ukikosa maji hukauka juu huku mizizi ikibaki hai chini. Sifa ambayo hauna ni kupenda kivuli. Chini ya mwembe au mwarobaini wenye kivuli kizito usipande. Hapo acha majani yaliyodondoka yafunike ardhi, au panga mawe na uweke kigoda cha kupumzikia.

Usichanganye ukoka na sangari, ambayo hutambaa zaidi chini ya ardhi na kuwa adui mkubwa wa shamba. Na ukikuta ndago mahali unapochimba, chambua kila kiazi chake kidogo kwa mkono, kwa maana ndago ikikatwakatwa kwa jembe huongezeka.

Wasomaji walio pwani, ambako kuna kivuli cha minazi na chumvi, watafaulu zaidi kwa majani mapana ya Pemba. Na walio milimani penye baridi hutumia majani ya Kikuyu. Kila nchi na majani yake.

4. Kutayarisha ardhi: Septemba hadi Novemba

Kosa la kawaida ni kutaka kupanda uwanja mzima kwa mara moja. Disemba ni mwezi wa shamba. Hakuna mtu mwenye akili atakayeacha kupanda mtama na uwele ili apande majani. Kwa hiyo anza na kipande cha mita 5 kwa mita 5, mahali ambapo maji hupita kwa nguvu zaidi, na umalize matayarisho kabla ya mvua.

Kwanza, gawanya uwanja wako. Mbele ya mlango na jikoni paache pa kufagia, pamoja na mahali pa kuanikia nafaka. Kando ya ukuta acha ukanda wa mita moja bila majani, hasa ikiwa nyumba ni ya matofali mabichi, maana unyevu ukikaa ukutani huudhoofisha. Katika ukanda huo, chini ya ukingo wa bati ambapo maji hudondoka, panga mawe madogo ili maji yasichimbe.

Pili, weka mteremko. Maji yaende mbali na nyumba, lakini yaende polepole. Sentimita 2 kwa kila mita moja zatosha, yaani katika mita 5 uwanja ushuke sentimita 10. Funga kamba katika vigingi viwili, isawazishe kwa pimamaji ya fundi, kisha pima kutoka kambani kwenda chini kila upande. Ikiwa kiwanja chako kiko chini ya mlima, chimba mfereji mdogo upande wa juu ili maji ya mlimani yasing'oe miche. Elekeza mfereji huo kwenye mpapai au migomba, usiuelekeze kwa jirani wala njiani.

Tatu, lainisha ardhi. Uwanja uliokanyagwa miaka mingi ni mgumu kama sakafu. Mvua ndogo ya kwanza ikilainisha, piga jembe kwa kina cha sentimita 15. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na asiyelima hapa atapanda bure, kwa sababu mzizi usioweza kushuka hufa Januari. Toa mawe, vipande vya chupa na mbigili. Mbigili hupenda ardhi tupu, nayo ndiyo inayochoma miguu ya watoto wetu.

Nne, tia samadi iliyooza vizuri, ndoo moja kwa kila eneo la mita 2 kwa mita 2. Kipande chetu cha mita 5 kwa 5 chahitaji ndoo 6 au 7. Samadi mbichi isitumike, kwa kuwa huleta mbegu za magugu. Changanya na udongo, sawazisha kwa reki, kisha ngoja mvua nyingine. Mvua hiyo itakuonyesha mahali pa mabonde ya kufukia na magugu ya kung'oa.

5. Kupanda

Panda ardhi ikiwa imelowa kwa kina cha shubiri moja. Chimba kwa kijiti upate hakika. Kwetu kwa kawaida hapo ni Disemba, au Januari mapema. Usichelewe zaidi ya hapo, kwa sababu mvua hupenda kukatika katikati ya msimu, na miche iwe imekwisha kushika.

Omba ruhusa kwa wenye mahali, chimba ukoka asubuhi, na ufukie shimo ulipotoka. Usiuchukue wote mahali pamoja, usije ukaacha ardhi ya wengine tupu ili ya kwako ifunikwe. Uweke katika gunia lililolowa, kivulini, na uupande siku ile ile.

Kata vipande vyenye vifundo vitatu. Chora mistari inayokinga mteremko, sentimita 20 kutoka mstari hadi mstari, na katika mstari weka kipande kila sentimita 20. Fukia vifundo viwili, acha kimoja juu, kisha kanyaga kwa mguu ili udongo ushikane na shina. Kwa nafasi hiyo kila mita ya mraba huchukua vipande 25, na kipande chetu cha mita za mraba 25 chahitaji 625. Watu watano wa nyumba moja, kila mmoja akipanda 125, watamaliza kabla ya jua kuzama.

Panga mawe ya kukanyagia pale watu wanapopita, kwa sababu watu hawataacha kupita kwa kuwa wewe umepanda. Kisha zungushia miiba. Mbuzi mmoja kwa nusu saa huweza kumaliza kazi ya watu watano. Wanaotaka ua wa kudumu wapande minyaa, ila wawaonye watoto juu ya utomvu wake, maana huumiza macho vibaya.

Jambo moja zaidi, nalo ni kubwa. Ukoka ni rafiki uwanjani na mwizi shambani. Baina ya ukoka na shamba au bustani chimba mtaro wa kina cha shubiri moja, na kila mwezi wakati wa mvua pita na jembe ukikata kila shina linalovuka. Asiyekuwa tayari kufanya hivyo asipande ukoka karibu na mchicha wake.

6. Kutunza

Wiki sita za kwanza usiukanyage. Ng'oa magugu kwa mkono ardhi ikiwa laini. Mvua zikiwa nzuri, ardhi itafunikwa katika miezi miwili hadi minne. Palipo na pengo, jaza kwa vipande vya ukoka wako mwenyewe.

Majani yakifika sentimita 7, kata yabaki 5. Tumia fyekeo kali au mundu. Kanuni ni kwamba usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Majani ndiyo jiko la mmea, nawe ukimnyang'anya mtu jiko lote atakufa njaa. Yaliyokatwa wape mbuzi, huko huko walikofungwa.

Kuanzia mwezi Aprili acha kukata, ili ukoka uingie kiangazi ukiwa na blanketi. Usiuchome moto. Usiufagie kwa fagio gumu la chelewa. Usiuparue kwa jembe kwa kuwa umegeuka rangi. Mwaka wa kwanza usifungie mnyama juu yake, wala usiruhusu ng'ombe apite ardhi ikiwa imelowa.

7. Habari ya maji

Hapa naomba akina baba wasome polepole.

Ukoka ukitakiwa uwe wa kijani kiangazi, wahitaji takriban milimita 4 za maji kila siku. Kwa uwanja wa mita za mraba 100 hizo ni lita 400, yaani ndoo 20 kwa siku. Kuanzia Juni hadi mwisho wa Novemba ni siku zaidi ya 180, na jumla yake ni zaidi ya ndoo 3,600. Nani atazibeba? Sote twajua ni kichwa cha nani. Ni cha mama, na cha binti ambaye angekuwa darasani.

Kwa hiyo kanuni ya somo hili ni moja, nayo haina ruhusa ya kuvunjwa: asichotwe maji hata ndoo moja kwa ajili ya majani ya uwanja. Ukoka hupandwa kwa mvua, hukua kwa mvua, na kiangazi huachwa ulale. Utakuwa wa kahawia kama mkeka mkuukuu. Mgeni atadhani umekufa. Ng'oa shina moja utazame, na ikiwa mzizi wake ni mweupe na mgumu, uko hai. Hata ukiwa mkavu unaendelea kufanya kazi yake, kwa kuwa umeshika udongo na vumbi limepungua. Maji ya kuoshea vyombo yapewe mpapai na mchicha, vitu vinavyoliwa.

Mtu akitamani uwanja wa kijani mwaka mzima kama alioona mbele ya hoteli mjini, na akumbuke kwamba huko kuna bomba. Sisi hatushindani na hoteli. Sisi twazuia ardhi ya nyumba zetu isiondoke.

8. Jaribio kwa shule na vikundi

Tulipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mtoto husahau alichosikia, lakini hasahau alichofanya. Basi fanyeni hivi. Kata madumu mawili ya lita 5 kwa ubavu, yapate kuwa kama mitumbwi, yakiwa na midomo yake wazi. Dumu moja jaza udongo mtupu wa uwanjani, la pili pandikiza bonge la ukoka pamoja na udongo wake. Yalaze kwa mteremko sawa, na chini ya kila mdomo weka glasi. Toboa kopo matundu madogo, kisha nyunyiza lita moja ya maji juu ya kila dumu kama mvua. Linganisheni maji katika glasi mbili: yapi ni mengi, yapi yametangulia kufika, na yapi yana rangi ya udongo. Watoto wenyewe watatoa maneno ya mafundisho.

9. Kazi ya kufanya nyumbani

Kabla mvua hazijaanza, chukua mkaa na uchore mstari mwembamba katika msingi wa nyumba yako, mahali pale pale udongo unapogusa ukuta. Fanya hivyo pande zote nne. Mwezi Mei, mvua zikiisha, chukua rula ya mtoto na upime kutoka mstari hadi udongo. Andika tarehe na kipimo nyuma ya daftari. Ukikuta hakuna nafasi, mshukuru Mungu, na ulinde hali hiyo. Ukikuta milimita chache, rudi kwenye hesabu ya sehemu ya kwanza, zidisha, nawe utajua ni ndoo ngapi za uwanja wako zilizokwenda mtoni mwaka huu.

Maswali ya kuzungumza katika Umoja wa Wamama, vijana na jumuiya za nyumba kwa nyumba:

1. Katika kijiji chetu, maji ya mvua yanayotoka viwanjani huenda wapi, na huharibu nini njiani?

2. Ni sehemu gani ya uwanja yafaa iendelee kufagiliwa, na sehemu gani yaweza kupumzishwa?

3. Baada ya mavuno mifugo huachiwa huru. Tufanye mapatano gani na majirani ili ukoka wa mwaka wa kwanza usalimike?

4. Nani katika nyumba huamua kupanda, na nani hufanya kazi? Je, mzigo umegawanywa kwa haki?

5. Uwanja wa kanisa letu una mteremko gani, nao waweza kuanza na kipande cha mita ngapi?